Jibu Lililotokea Mara Moja

Watu wakiulizwa wazazi wao wanafanya kazi gani, huandika vituko. Nasema hivi nikiwa na ushahidi, maana nimesoma majibu elfu tatu mia moja na arobaini ya swali hilo, jibu kwa jibu. Kuna aliyeandika "Baba tu." Kuna aliyeandika "Anajua mwenyewe." Mmoja, sijui alikuwa amegombana na nani asubuhi hiyo, aliandika "Mstaafu mwenye hasira." Mwingine aliona neno moja linatosha: "Yupo." Nilicheka peke yangu mezani mpaka nikafika kwenye jibu langu mwenyewe, na hapo kicheko kikaniishia.

Niko ofisi ya kumbukumbu ya chuo cha ufundi. Mkuu wangu tunamwita Bwana Nukta, ingawa si mbele yake. Jina hilo alilipata kwa haki. Ndiye aliyetufundisha kwamba "mkulima" na "mkulima" mwenye nukta mwishoni, kwa kompyuta ni watu wawili ambao hawajawahi kukutana. Ukiacha nafasi tupu mbele ya neno, huyo ni mtu wa tatu. Anavaa miwani myeusi mizito iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na akikuta kosa huivua, huifuta, huivaa tena, ndipo anakutazama. Bora angekutukana.

Jumatatu ile aliniita, akanionyesha dirishani. Mafundi ujenzi walikuwa wanamalizia ukuta mpya upande wa barabara, na ndani ya ukuta huo kulikuwa na vibanda sita vya matofali vinavyotazama nje.

"Mafundi wadogo wanaokaa nje ya geti chini ya maturubai wataondolewa mwisho wa mwezi," alisema. "Vibanda watapewa mafundi wa matengenezo madogo waliosomesha mtoto hapa na wanaoishi jirani, ili wanafunzi wajifunze kwao. Kamati haitaki maneno ya barabarani, inataka karatasi. Sasa ile safu ya kazi ya mzazi ni vurugu tupu. Nitolee majibu yasiyojirudia, uyapange kwenye makundi, halafu tuchuje."

"Sawa, mkuu."

"Na majibu ya asili usiyaguse. Mtu akiandika upuuzi, upuuzi wake ubaki. Kundi liandike kwenye safu ya pembeni."

Hiyo kazi naipenda, sitaki kudanganya, kwani uongo nilioutoa mwezi huo unanitosha. Unachukua safu nzima, unaifuta nafasi tupu na nukta za kijinga, unaiambia kompyuta ikupe kila jibu mara moja tu. Yalianza majibu mia sita na kumi na mawili. Baada ya kuyasafisha yakabaki mia mbili arobaini na matatu. "Mama wa nyumbani" peke yake alikuwa ameandikwa kwa namna kumi na tisa, nikamrudisha kuwa mmoja. Kisha nikatengeneza jedwali dogo lenye safu tatu. Kushoto jibu, katikati kundi lake, kulia idadi ya waliolitoa. Kilimo na Mifugo. Biashara. Ualimu na Afya. Wataalamu. Ufundi. Matengenezo Madogo. Mengineyo, ambako ndiko nilikomtupa yule mstaafu na hasira zake. Ukilikamilisha hilo jedwali dogo, kompyuta inayapeleka makundi kwenye mistari yote elfu tatu kwa dakika moja, nawe unajiona kama umefagia nyumba ya ukoo mzima.

Kisha nikayapanga majibu kwa idadi. Juu wakulima mia saba na kitu. Chini kabisa, majibu yaliyotokea mara moja tu. Na hapo, katikati ya "Mpiga picha wa maharusi" na "Mganga wa mifugo", lilikaa:

Mbunifu wa mavazi — 1.

Mistari yetu haionyeshi majina, inaonyesha namba za wanafunzi. Sikuhitaji kuitazama. Namba hiyo ningeitaja hata nikiwa usingizini.

Mama yangu si mbunifu wa mavazi. Mama yangu anabadilisha zipu. Anashona mikanda ya mabegi iliyokatika, anaweka vichwa vipya vya zipu kwenye suruali za watu, na mtu akimletea mwavuli atauangalia pia, ingawa mwavuli anasema una roho mbaya. Amenisomesha kwa zipu toka darasa la kwanza. Wakati najaza fomu ya chuo alikuwa bado na meza yake sokoni, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na akili ya kuku. Jirani yangu kwenye foleni ya fomu alikuwa ameandika "Mhandisi wa barabara" kwa mwandiko mzuri wa kulala. Nikautazama mwandiko ule, nikaitazama nafasi yangu tupu, nikaandika nilichoandika.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya ni kwamba fomu ilitakiwa kusainiwa na mzazi. Nikaipeleka nyumbani. Mama anajua kusoma, ila macho yake ya karibu yaliharibika mapema, herufi zinamwogelea. Sindano anaitunga uzi kwa kupapasa. Karatasi zote za nyumbani nilikuwa namsomea mimi, tangu nilipoweza kusoma, na alizoea kuwaambia watu, "Huyu ndiye macho yangu." Basi akaniuliza, "Hapo kwenye kazi yangu umeandika nini?" Nikamsomea kwa sauti, bila kupepesa, "Fundi wa zipu na mabegi." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ala! Na zipu nayo inaingia kwenye karatasi za chuo!" Akasema nimwonyeshe pa kusaini. Nikaweka kidole, naye akasaini pale pale penye kidole changu, polepole, kwa heshima zote.

Nilihitimu, nikaajiriwa hapo hapo chuoni. Mwaka uliofuata soko likafungwa lijengwe upya, na mama, bila kuniuliza, akahamishia cherehani yake nje ya geti letu. Alidhani ataniletea furaha. "Nitakuwa karibu na wewe," alisema. "Hata mchana tunaweza kula pamoja."

Siku ya kwanza nilipita getini na wenzangu wa ofisini, akiwemo dada wa mapokezi ambaye chuo kizima kinamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mama aliponiona akainuka kwenye kigoda, uso wote ukiwa meno. Nikasema, "Shikamoo, mama." Nikapita.

Hakuna aliyeshtuka. Wote pale wanamsalimia hivyo hivyo, hata mlinzi mwenye mvi kumzidi humwita mama. Nilitumia neno lile lile ambalo ningelitumia kwa mzazi wangu, na likanificha kama shuka. Nilipogeuka kidogo nikamwona ameketi tena, anatafuta kitu kwenye kopo la vifungo, kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Jioni hiyo hakunilaumu. Alinipakulia chakula, akasema, "Nimekuona na wenzako leo. Mnaonekana mna kazi nyingi." Kuanzia kesho yake akawa ananiita mteja. "Karibu, mteja." "Zipu yako bado nzima, mteja?" Redio alimpenda sana, alimpelekea mabegi ya ukoo mzima, na ndiye aliyemtungia jina la Mama Zipu. Miaka miwili. Nyumbani tulilala chumba kimoja, pazia katikati, na getini hatukujuana. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nilikuwa na mshahara, kiti cha magurudumu, na utumwa wangu.

Sasa mnaona jibu lile lilivyonigeukia. Vibanda sita, na mama yangu alikuwa na kila sifa. Ni fundi, amesomesha hapa, anaishi mitaa miwili tu kutoka ukutani. Mwisho wa mwezi turubai lake lingeng'olewa, na soko halijaisha kujengwa. Kila jioni alizungumzia kibanda. Cherehani ingekaa dirishani apate mwanga. Mabegi yaliyokamilika angeyatundika kwa rangi. "Wanatoa kwa wale walioandikwa mafundi kwenye fomu," aliniambia, kana kwamba mimi sijui. "Basi mimi nimo. Si uliniandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Nikajifanya mjanja. Majibu ya asili siruhusiwi kuyagusa, sawa, lakini kundi napanga mimi. Kwenye jedwali dogo, mbele ya "Mbunifu wa mavazi", nikaandika "Matengenezo Madogo". Nikaiagiza kompyuta isambaze makundi. Namba yangu ikahamia kundi la mafundi kimya kimya. Nilipochuja wanaoishi jirani na chuo wakabaki sita. Sita kwa vibanda sita! Kiatu, saa, mwavuli, funguo, pasi za umeme, na mbunifu mmoja wa mavazi. Nikajiambia Mungu anapenda hesabu safi.

Nilimsahau Bwana Nukta na sheria yake. Kila jibu lililotokea mara moja lazima likaguliwe. Anaamini mtu anayesema kitu ambacho hakuna mwingine amekisema, ama ana ukweli wa pekee, ama anadanganya.

Jumanne ya wiki iliyofuata aliketi kando yangu, kalamu mkononi, tukawa tunapita majibu ya mara moja. Redio alikuwa amekuja kuazima stepla na hakuondoka.

"Mbunifu wa mavazi," alisoma Bwana Nukta. "Matengenezo Madogo?" Akavua miwani, akaifuta.

"Nilifikiri, mkuu, mavazi, kushona..."

"Mbunifu hashoni. Mbunifu anachora, wanashona wengine. Ana duka la vioo na kijana wa kufungua mlango."

"Na manukato ya kukohoza," alisema Redio. "Huyo akija geti letu atajua pa kukanyaga? Jamani, kuna mtu humu chuoni mama yake mbunifu wa mavazi na alikuwa anakula nasi maharage! Mimi ningetembea nimeinua pua hivi." Akainua pua, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, na mimi nikacheka. Ndiyo, nilicheka. Nilijisikia nikicheka.

"Nenda stoo ulinganishe na karatasi," alisema Bwana Nukta.

Stoo ya mafaili iko mwisho wa ukumbi, ina taa moja na harufu ya karatasi zilizolowa zikakauka. Nililikuta faili langu bila kutafuta. Fomu ilikuwa imepata manjano pembeni. Mwandiko wangu wa kujikweza, na chini yake saini ya mama, herufi kubwa kubwa, moja imepanda juu ya mstari. Alibonyeza kalamu kwa nguvu kiasi kwamba ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unaisikia. Nilikaa juu ya boksi nikaipapasa hiyo saini. Ningeweza kurudi na kusema ukweli, dakika mbili zingetosha. Nilichofanya ni kurudi na kusema, "Inalingana na karatasi, mkuu."

Haukuwa uongo. Ililingana herufi kwa herufi.

"Basi hamishia Wataalamu." Kisha akanitazama, nadhani kwa sababu mkono wangu haukusogea haraka. "Au unamfahamu huyu mzazi? Kama unajua kazi yake ni nyingine, kuna fomu ya masahihisho."

Aliuliza wazi, kwa upole hata. Redio alikuwa pale pale, stepla mkononi.

"Simfahamu," nikasema.

Nikabadilisha neno moja kwenye jedwali dogo, na mafundi wakabaki watano. Bwana Nukta akaandika kwamba kibanda cha sita kitawekewa mashine ya kutoa nakala, kama hakutakuwa na pingamizi hadi Ijumaa saa sita mchana.

Jumatano majina yakabandikwa kwenye ubao wa geti. Alhamisi mama alimwomba mwanafunzi mmoja amsomee. Mwanafunzi akasoma mara mbili. Jioni mama alinieleza huku anachambua mboga.

"Yule mtoto hajui kusoma," alisema. "Majina matano tu, la kwangu halioni. Kesho nitaenda mapokezi niulize."

"Usiende, mama."

"Kwa nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya tatu. Pazia limefunguliwa, mlango umefungwa, hakuna Redio wala Bwana Nukta, mimi na mtu aliyenizaa tu. Nikaonja mchuzi. "Chumvi imezidi," nikasema.

Alionja naye, akasema mbona iko sawa. Kisha akasema, "Wewe usijisumbue. Nitauliza kama mtu yeyote. Sitakutaja." Aliyasema hayo kama anavyosema ataniachia maji ya kuoga.

Ijumaa saa nne na nusu simu ya mezani ililia. Alikuwa Redio. "Njoo na ile orodha yako. Mama Zipu yuko hapa, anasema jina lake limerukwa. Eti ana mtoto aliyesoma hapa! Wewe ulijua?"

Nikaenda. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na foleni ya watu kama kumi na wawili, wazazi na wanafunzi wenye karatasi. Mama alisimama mbele ya kaunta. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na mkoba mkononi, ule aliouweka zipu mpya mwenyewe wiki hiyo. Hakuwa ameniona.

"Alisoma hapa, alihitimu kabisa," alikuwa anamwambia Redio. "Na fomu nilisaini kwa mkono wangu. Imeandikwa fundi wa zipu na mabegi."

"Mbona hukuwahi kutuambia, mama? Haya, jina lake nani huyo mtoto? Tumtafute sasa hivi."

Mama akafungua mdomo, na wakati huo huo akaniona mlangoni na karatasi zangu.

Nilimjua mama yangu miaka ishirini na saba, na sikuwahi kumwona akitafuta uongo. Hakuwa na mazoezi. Macho yake yalishuka kwenye kaunta, yakapanda, yakaenda kwenye ubao wa matangazo.

"Labda nimechanganya," alisema. "Labda kilikuwa chuo kingine."

"Chuo kingine!" Redio akacheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyo. "Mama Zipu! Hujui hata mwanao alisoma wapi?"

Foleni ikacheka. Mwanaume mmoja nyuma akasema labda hata mtoto mwenyewe alimwota, wakacheka tena. Mama naye akatabasamu, maana angefanya nini.

"Au una mtu unamfahamu humu ndani akusaidie?" aliuliza Redio.

Mama hakunitazama. "Hapana," alisema. "Humu ndani simfahamu mtu." Akabana mkoba kwapani, akageuka kuelekea mlango wa nje.

Neno lile lile. Mimi nililisema kujiokoa, yeye kuniokoa mimi. Nilitamani ardhi ipasuke, na si kwa hofu ya kuchekwa. Hofu hiyo nilikuwa nimeibeba miaka miwili, na sasa niliona uzito wake wote alikuwa ameubeba mwingine.

"Mama!" nikaita.

Hakuna aliyegeuka ila yeye. Redio hata hakuacha kupanga karatasi zake, kila mtu si humwita mama? Ningeweza kuishia hapo. Neno lingenificha tena.

"Ni mama yangu," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, nikarudia. "Huyu ni mama yangu mzazi. Mtoto aliyesoma hapa ni mimi."

Redio akafunga mdomo. Tumefanya naye kazi miaka mitatu, ilikuwa mara ya kwanza. Aliangalia uso wangu, akaangalia uso wa mama, akaona pua moja kwenye nyuso mbili, na nikamwona anakumbuka zile "Shikamoo, mama" zote, moja baada ya nyingine.

Bwana Nukta alikuwa ametoka ofisini kwake kwa sababu ya ukimya. Hakuuliza la zaidi. Aliniambia nilete faili, nikaleta. Akalifungua juu ya kaunta, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapa imeandikwa mbunifu wa mavazi," alimwambia mama.

"Nani?"

"Wewe, mama."

Mama alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa ofisini. "Hapana, baba, mmekosea faili. Angalia vizuri. Yangu ni fundi wa zipu na mabegi. Alinisomea mwenyewe."

Ndipo akaniangalia.

"Niliandika mimi," nikasema. "Nikakusomea kingine."

Nilitegemea akasirike. Nilikuwa na hamu akasirike. Alitazama vidole vyake, vile vyenye vidoti vya sindano kwenye ncha, na kisha akasema polepole, kama anayejaribu kuelewa kazi ya mteja mgumu, "Kumbe mimi nilisaini hiyo."

"Ndiyo, mama."

"Na nilicheka."

Foleni ilikuwa imegeukia ukuta. Hata yule mwanaume wa nyuma alikuwa anasoma tangazo la zimamoto kwa makini makubwa.

Bwana Nukta akakohoa. Kwangu alisema sentensi moja tu, kwa sauti ya chini. "Nilikuuliza ukasema humfahamu." Kisha akaweka fomu ya masahihisho juu ya kaunta. "Saa tano inakaribia. Ikijazwa na kusainiwa na mzazi kabla ya saa sita, kibanda cha sita ni chake. Jaza."

Nikajaza. Jibu la awali: Mbunifu wa mavazi. Jibu sahihi: Fundi wa zipu na mabegi. Chanzo cha kosa: nikaandika jina langu. Uhusiano na mzazi: nikaandika mtoto. Niliandika kwa herufi kubwa, zilizosimama, bila mapambo yoyote. Nilipomaliza nikaisogeza mbele yake.

"Saini hapa, mama," nikasema, na kwa mazoea ya miaka yote nikaweka kidole.

Hakuchukua kalamu. Alikitazama kidole changu.

"Imeandikwa nini?"

Nikamsomea yote, mstari kwa mstari, neno kwa neno. Safari hii kila neno lilikuwa lake. Aliniacha nimalize.

"Nipe niisome," alisema.

Akaiinua karatasi, akaiweka karibu na pua, akaisogeza mbali mpaka mkono ukanyooka wote, akairudisha. Nilijua anachokiona, weusi unaoogelea. Bwana Nukta akavua miwani yake, safari hii bila kuifuta, akaigeuza na kumwekea mkononi. Mama akaivaa. Ilikuwa mikubwa, ikamshuka mpaka katikati ya pua, na ule uzi ukaning'inia shavuni.

Akaanza juu kabisa, kwenye jina la chuo, kwa kidole chake mwenyewe. Alisoma kwa midomo, silabi kwa silabi, kama watoto wa darasa la kwanza. Mahali pa herufi ngumu alirudi nyuma na kuanza upya. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi, kisha na ishirini. Watu wa foleni walisimama. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, bega kwa bega, na maneno yote niliyajua kwa moyo, na sikuwa na la kufanya.

Alipofika kwenye jina langu, pale penye chanzo cha kosa, kidole kilikaa kidogo. Kisha kikaendelea. Alisoma hadi namba ya fomu iliyochapwa kwa herufi ndogo pembeni chini, ambayo hakuna binadamu anayeisoma. Ndipo akainua kichwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nimeinyoosha.

Akamwomba Bwana Nukta ya kwake.